Mikono ya motari ni sehemu ya freni, tuikinge na hii baridi

Bwana Muhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote, kutoka hapa Bel-Air, Lubumbashi. Naandika juu ya ile barua mliyotoa kwenye huu ukurasa, ya mama mmoja aliyelalamika kwamba tangu mwezi wa sita uingie motari, yaani sisi tunaobeba watu kwa moto (pikipiki), wamekuwa wavivu, alfajiri ukitafuta moto ya kwenda mjini hupati, na ukipata motari anajivuta barabarani hadi unachelewa kazi. Mama yetu, heshima kwako, uchungu wako nausikia kabisa sababu kazi ni kazi na patroni hangoji mutu. Lakini nataka wewe na wengine wote mujue kitu kinachotokea kwenye vidole vya yule kijana anayekubeba, kwa sababu ile siyo uvivu, ni freni inayokataa, na inayokataa siyo ya chuma, ni ya nyama na damu.

Watu wa nje wakisikia Kongo wanafikiri joto tu mwaka muzima. Sisi wa Lubumbashi tunajua. Muji uko juu, mita 1,200 hivi, mvua ikishaisha mbingu inakuwa wazi bila wingu hata moja, na usiku ile joto yote ya ardhi inapanda kwenda juu sababu hakuna kitu cha kuifunika. Ndiyo maana baridi kali haiko katikati ya usiku, iko kwenye saa ya jua kutoka, na hiyo ndiyo saa motari anatoka nyumbani. Kufika saa sita mutu anavua jaketi anatafuta kivuli. Mwezi wa sita na wa saba asubui inashuka chini ya digrii 10 bila shida, na ukitoka mujini ukateremka kwenye bonde la Kafubu au kwenye dembo (bonde la majimaji) lolote unasikia hewa inabadilika gafla, sababu hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kulala kule chini. Motari wote wa njia ya Kasumbalesa wanaijua ile sehemu hata wakifunga macho.

Sasa ongeza upepo. Mutu amesimama mbele ya mulango wake kwenye digrii 8 atasema leo baridi, atavaa pulova, basi. Mutu huyo huyo akipanda moto akapiga kilomita 50 kwa saa, mikono yake iko mbele kabisa, haina kitu cha kuikinga, na inapigwa na ile hewa njia nzima. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada wako na hesabu yao waliyoitengeneza upya mwaka 2001 ya kupima upepo unaongeza baridi kiasi gani kwenye ngozi, na kwa hiyo hesabu digrii 8 pamoja na upepo wa kilomita 50 ni sawa na digrii 3 hivi. Ikiwa ni digrii 5 na mwendo ni uleule, unashuka chini ya sifuri. Hapa Lubumbashi, bila teluji! Na mwili wenyewe unafanya hesabu yake, ukisikia baridi unaanza kulinda moyo, mapafu na tumbo, unafunga ile mishipa midogo ya damu ya kwenye vidole ili joto lisipotee huko, maana yake mwili unaamua wenyewe kwamba vidole vitangoja.

Na vidole ndio vinaendesha moto. Mukono wa kuume unashika gazi (ya kuongeza mwendo) na freni ya mbele, wa kushoto unashika embreyaji (klachi). Kwenye kusimama kwa gafla freni ya mbele ndiyo inafanya kazi kubwa kuliko ya nyuma, sababu uzito wote unakuja mbele. Na moto nyingi za hapa kwetu ziko na freni ya ngoma inayovutwa kwa kamba ya chuma, siyo ya mafuta, kwa hiyo inataka nguvu ya kweli ya vidole. Piga hesabu: kwenye kilomita 40 kwa saa moto inakimbia mita 11 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu, umeshapita zaidi ya mita 5 kabla freni haijaanza kushika, na kwenye mita 5 kunaenea mutoto anayevuka, kunaenea mama na beseni ya mikate, kunaenea na kamiyo (lori) ya shaba iliyosimama bila taa. Ndiyo maana mama yetu unaona motari anaenda polepole. Yule anayeenda polepole ni mwenye akili. Wa kuogopa ni yule anayekimbia na vidole vimekufa ganzi juu ya kufuata pesa ya kumupa jioni patroni mwenye moto.

Kuna kijana wa parkingi yetu, pale tunapongojea wateja, sitamutaja, alifika asubui moja na muteja kutoka Ruashi. Muteja akashuka, akatoa noti, akangoja chenji. Yule kijana akapeleka mukono kwenye zipu ya mufuko wa jaketi, vidole vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza, haviwezi kushika kile kichuma kidogo cha zipu. Mwisho akainama akaivuta na meno. Vifundo vya vidole vilikuwa rangi ya majivu, ngozi imepasuka pasuka, na ncha za vidole haziwezi hata kutofautisha noti na karatasi. Watu walicheka kidogo, wakaenda. Mimi nilibaki na wazo moja tu, vidole hivi ndivyo vilivyokuwa juu ya freni toka Ruashi mpaka hapa, na nyuma yake alikuwa amekaa mutu.

Basi Bwana Muhariri, naomba nafasi niwaambie wenzangu motari, na mapatroni wa moto pia, ni nini inasaidia kweli na ni nini inadanganya, sababu mambo mengi tunayafanya kwa kufuata mwenzako tu.

Kwanza mikono inapashwa joto kutokea kifuani. Mutu wengi wanakosa hapa. Unakuta kijana amenunua glavu nzito lakini jaketi lake liko wazi na shingo iko inje, halafu anashangaa vidole bado vinauma. Kifua kikipoa mwili unafunga damu ya vidole, hata uvae glavu tatu. Funga shingo na kitambaa, vaa nguo nyepesi mbili tatu moja juu ya nyingine kuliko moja nene, na ya juu kabisa iwe ya kuzuia upepo, hata lile koti la mvua la plastiki linatosha. Na kama huna, chukua gazeti mukishamaliza kulisoma, likunjue, liweke kifuani chini ya jaketi. Waendesha moto na baiskeli wa zamani walifanya hivyo, karatasi inazuia upepo na inashika hewa ya joto kati ya kurasa. Kabla ya kutoka kula pia, uji wa moto au bukari (ugali) iliyobaki ya jana, mwili usio na chakula hauna kitu cha kuchoma.

Halafu kiko kile kiungo cha mukono, pale kati ya glavu na mukono wa jaketi. Pale mishipa ya damu inapita karibu kabisa na ngozi, na ndipo upepo unaingia ukapanda mpaka kwenye kwapa. Chukua soksi ya zamani, kata ile sehemu ya vidole, toboa tundu la kidole gumba, vaa mpaka katikati ya mukono kabla ya kuvaa glavu. Haigarimu kitu na mimi naona inasaidia kushinda vitu vingi vya kununua.

Kwa glavu zenyewe kuna uongo mwingi sokoni. Zile za kazi za ujenzi, zilizofumwa na kuchovywa mpira upande wa kiganja, wengi wanazivaa sababu ziko bei rahisi. Ziangalieni vizuri. Mpira uko upande wa kiganja, kule kunakoshika usukani, na upande wa juu, unaopigwa na upepo, ni uzi tu wenye matundu, yaani kinga iko nyuma na mulango uko wazi mbele. Kama ni hizo tu unazo, vaa ndani glavu nyepesi za hospitali au za sashe (plastiki nyepesi), zinazuia upepo, ila mukono utatoka jasho, kwa hiyo ukifika zivue ukauke. Glavu za ngozi zinazotoka kwa watu wa mine (migodi) ni nzuri kwa upepo, lakini zile kubwa za kuchomelea chuma achana nazo, ni nene, husikii freni wala gazi. Na usinunue glavu ya kukubana! Glavu ya kubana inakamua damu itoke kwenye vidole na haiachi hewa ndani, na ile hewa iliyotulia ndiyo inashika joto. Kamata namba moja juu, uvae nyingine nyepesi ya sufu ndani. Sufu hata ikilowana kidogo bado inatunza joto, pamba ikilowana imekwisha, sababu maji yanakokota joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Anayeosha moto yake asubui kwa maji ya bomba halafu anaivaa glavu na mikono mibichi anajitesa bure.

Lakini dawa kubwa kushinda zote ni kuzuia upepo kabla haujagusa mukono. Hapa ndipo naomba musome polepole.

Njia ya kwanza ni bidoni (dumu). Ile ya mafuta ya lita 5, ya plastiki ngumu, unaikata upate vipande viwili vilivyopinda kama ganda, kila kimoja unakifunga mbele ya mukono, upande mmoja kwenye buloni (bolti) ya kioo, upande mwingine na waya kwenye usukani. Si nzuri kwa macho, patroni mwingine atasema unaharibu moto yake, lakini upepo unapita pembeni na hata kwa glavu nyepesi unafika ukiwa na vidole vyako. Mvua zikianza mwezi wa kumi zinakinga na maji pia. Ukishafunga, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, vuta freni yote, vuta embreyaji yote. Ikigusa mahali popote, kata tena. Usitoke barabarani na kitu kinachogusa freni.

Njia ya pili ni mifuko ya usukani, ile inayofunika mukono pamoja na freni na gazi, mukono unaingia ndani. Kule Nairobi waendesha bodaboda wanaitumia sana, na China ni kitu cha kila siku majira ya baridi, hata kwa moto za umeme. Ndani ya ule mufuko mukono unakaa kwenye hewa yake, unaweza kuvaa glavu nyepesi kabisa na ukasikia freni vizuri. Hapa kwetu fundi yeyote wa cherehani anaweza kuushona: inje bashi, lile turubai la kufunika mizigo ya kamiyo, ndani kipande cha blanketi ya zamani. Ila kuna hatari moja ambayo lazima niiseme. Mufuko ukiwa laini sana, ukipiga mwendo upepo unausukuma unalala juu ya kono la freni, na freni inaanza kushika yenyewe kidogo kidogo bila wewe kujua, ngoma inapata moto, taa ya nyuma inawaka saa yote, anayekufuata hajui tena lini unasimama kweli. Kwa hiyo mbele ya ule mufuko lazima uweke kitu kigumu ndani ya kitambaa, plastiki ya bidoni inafaa, usimame wenyewe mbali na freni. Na mulango wa nyuma uwe mupana, mukono uingie na kutoka bila kutafuta. Fanya mazoezi moto ikiwa imesimama, toa mukono ingiza mukono, piga honi, washa kiashiria, mpaka kidole kijue njia bila macho.

Vipo pia vishikio vya umeme vinavyopata moto. Sivikatai, lakini viwili pamoja vinakula wati 30 mpaka 40 hivi, na hiyo inakaribia taa nzima ya mbele ya moto zetu ndogo. Alternata ya moto ya cc 125 haikutengenezwa kubeba taa na vile vishikio pamoja, hasa unapoenda polepole mujini. Utaua betri.

Kamba nazo. Kamba ya embreyaji iliyokauka, imejaa vumbi la mwezi wa saba, inataka nguvu mara mbili, na vidole vya baridi havina hata nguvu moja. Tia mafuta, rekebisha kono la freni lije karibu kidogo na vidole. Kazi ya dakika chache kwa fundi, na wengi hatuifanyi mpaka kamba ikatike.

Sasa yale ya uongo. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji! Nawaona wenzangu alfajiri wanapiga kidogo wanasema inapasha damu. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia uso na mikono inapata moto, lakini lile joto limetoka ndani ya mwili na linakwenda inje kwenye upepo, kwa hiyo baada ya muda unapoa zaidi kuliko aliyekunywa chai, na juu ya hiyo baridi umeongeza ulevi kwenye barabara ya kamiyo. Sigara nayo inafunga mishipa ya vidole. Chai ya tangawizi ya mama wa parkingi inapita zote mbili.

Na kule kusimama juu ya makala (makaa) ya moto. Motari anafika, vidole vimekufa, anavisukuma moja kwa moja juu ya mbabula (jiko la makaa). Ngozi iliyokufa ganzi haisikii kwamba inaungua, nimeona malengelenge kwa vidole vya mutu aliyesema hakusikia kitu. Pasha kwanza kwenye kwapa, chini ya nguo, au kwenye maji ya vuguvugu, au simama uzungushe mukono wote kwa nguvu, duara kubwa toka begani, damu inasukumwa mpaka kwenye ncha. Vilevile ile injini, usishike chuma cha injini na mukono mutupu na ekzosi usiikaribie.

Kuna jaribio dogo la kujua kama bado uko salama: simama, gusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mukono uleule. Ukishindwa, huwezi kuendesha. Simama, muteja atangoja. Na wewe ambaye vidole vinakuwa vyeupe kabisa, halafu rangi ya buluu, halafu vyekundu na uchungu, na inarudi rudi hata kwa baridi kidogo, nenda kwa daktari. Ni ugonjwa unaojulikana, daktari Maurice Raynaud wa Ufaransa aliuandika mwaka 1862, na mutikisiko wa mashine unaweza kuuleta au kuuzidisha. Sisi tunashika usukani unaotikisika kutwa nzima.

Mapatroni, neno langu kwenu ni fupi. Munampa kijana moto, munahesabu pesa ya kila jioni, pine (tairi) ikiisha munanunua sababu pine ni mali yenu. Glavu na mifuko ya usukani ni bei ndogo kuliko pine moja. Moto ikigonga mutu mutalipa hospitali, mutalipa polisi, mutatengeneza na moto.

Wazazi nao. Mwezi wa sita ni wa mitihani, watoto wanabebwa alfajiri, na motari wengi wanamweka mudogo mbele juu ya tanki, mikono mitupu imeshika chuma. Yule mutoto ndiye anayepokea upepo wote mbele ya motari, na mwili mudogo unapoa upesi kuliko wa mukubwa. Akifika shule anapewa kalamu. Mukalisheni nyuma, katikati ya motari na mukubwa mwingine, na mumuvalishe hata soksi mikononi, hakuna aibu.

Na wewe mama uliyeandika ile barua, nakuomba kitu kimoja. Motari akikuambia asubui mama ngoja kidogo nipashe mikono, mpe hizo dakika. Usimwambie kimbia.

Kwa mafundi wa kushona wa komini zetu za hapa Lubumbashi, Kenya, Katuba na Kampemba, watakaotaka kujaribu, vipimo tulivyotumia kwenye parkingi yetu ni hivi: urefu sentimita 35 toka mwisho wa usukani kuja kwenye mukono, mulango wa kuingiza ngumi iliyovaa glavu pamoja na mukono wa jaketi, tundu upande wa juu la kupitisha chuma cha kioo, tundu dogo upande wa ndani la kamba na nyaya, plastiki ngumu mbele ndani ya kitambaa, na kamba mbili za kufungia kwenye usukani, siyo kwenye kono la freni. Shona na uzi wa viatu, ule wa kawaida unakatika.

Asante Bwana Muhariri.

Motari wa Bel-Air, Lubumbashi